Droni, satelaiti au buti: upime vipi uharibifu wa wadudu kwenye miti ya Lubumbashi?

"Ingenia, mikaratusi yangu inakauka vichwa. Njoo na ile ndege yako." Papa huyo, mzee wa hapa mjini, ana shamba la miti kwenye barabara ya Kasenga, na alinipigia simu mwezi wa sita, asubuhi na mapema, kabla sijanywa hata chai. Nilimuuliza mambo matatu: shamba ni hekta ngapi, miti inayokauka iko upande gani, na ramani ikitoka utaifanyia nini? Mawili ya kwanza aliyajibu harakaharaka. La tatu lilimnyamazisha.

Wengi wanakwama hapohapo. Wamesikia kwamba picha za droni zinaonyesha wadudu wanavyokula miti, bei ya kamera maalumu inawatisha, kisha mtu mwingine anawaambia picha za satelaiti ni za bure, na mzee wa kijiji anasema yote hayo ni kupoteza pesa, mtu atembee tu aangalie. Kila mmoja ana haki yake. Nimezitumia njia zote nne, na hapa naziweka bega kwa bega: droni yenye kamera ya kawaida, droni yenye kamera ya bendi nyingi (inayopima kila aina ya mwanga peke yake), satelaiti, na miguu yako mwenyewe.

Vigezo

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Inaona kitu kidogo kiasi gani? Inamaliza eneo gani? Hewa na msimu vinaifanya nini? Inakula pesa na mikono kiasi gani? Inadanganya wapi? Hilo la mwisho ndilo ninalolipa uzito, kwa sababu nimeona ramani za rangi za kupendeza zikipigiwa makofi mkutanoni huku zimekosea kabisa.

Tena kuna jambo moja linalozihusu zote tatu za angani: hakuna picha inayotaja jina la mdudu. Inaonyesha tu kwamba majani yamebadilika rangi au yamepungua. Chanzo kinaweza kuwa kiwavi, mchwa, ukame, moto au udongo. Kule upepo ulikokuwa ukipeleka moshi wa kiwanda cha shaba, kilichoanza kuyeyusha madini hapa mjini mwaka 1911, udongo umebeba metali nzito, na mti unaweza kuwa wa njano bila mdudu hata mmoja.

Kwanza ujue kalenda ya rangi

Sehemu kubwa ya mbinu hizi imekuzwa kwenye misitu ya nchi za baridi. Kanada, katika jimbo la British Columbia, mbawakawa wa magome aitwaye Dendroctonus ponderosae alishambulia misonobari kwenye hekta zipatazo milioni 18 kuanzia miaka ya 1990. Ulaya ya kati, baada ya ukame wa 2018, ndugu yake Ips typographus alifanya kazi kama hiyo Ujerumani na Ucheki. Kule mti ulioshambuliwa hupita hatua tatu: kwanza unabaki kijani ingawa mbawakawa wako tayari chini ya gome, halafu unakuwa mwekundu, halafu kijivu. Kwa hiyo programu iliyofundishwa kwa picha za huko imejifunza kwamba nyekundu ni kifo.

Sasa ilete programu hiyo kwenye miombo ya Katanga mwezi wa tisa. Mvua haijaanza, nyasi zimeungua, na miti inatoa majani mapya mekundu, ya rangi ya shaba, mengine ya waridi. Mara ya kwanza niliporuka juu ya kipande cha msitu msimu huo, nilikuwa mgeni wa kazi na nilijiamini kupita kiasi. Ramani ilitoka na madoa mekundu nusu nzima. Nikamwonyesha mzee aliyetusindikiza, kwenye skrini ya kompyuta tuliyoiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamweleza kwa sauti nzito kwamba msitu wake una ugonjwa. Akaweka kidole juu ya doa moja, akalitazama, akacheka hadi akakohoa. "Mwana, ile haiko bugonjwa. Iko majani ya mupya ya muputu." Muputu ni mti wa miombo, na hayo yalikuwa majani yake mapya tu. Nilifuta ile ripoti usiku uleule.

Kuna kitendawili kingine. Kuelekea mwisho wa mvua, viwavi wa nondo aitwaye Elaphrodes lactea, wale tunaowaita tunkubiu, wanaweza kumaliza majani ya mitondo, miti mingine ya miombo, kwenye eneo kubwa. Ukitazama toka juu, ni janga: matawi matupu huku miti ya jirani imejaa kijani. Ukitazama toka chini, kuna akina mama wenye ndoo na mabeseni, kwa sababu vinkubala, yaani viwavi wa kuliwa, ni mboga, na vikikaushwa vinauzwa sokoni vikalipa minerivali (ada ya shule) ya watoto. Miti yenyewe kwa kawaida hurudisha majani. Kabla ya kuandika neno "uharibifu" kwenye kichwa cha ramani, uliza ni wa nani. Mwenye mikaratusi ya makala (makaa) na mama wa vinkubala hawatakubaliana juu ya kiwavi.

Droni yenye kamera ya kawaida

*Inaona nini.* Kamera ya megapikseli 20 kwenye kimo cha mita 100 inakupa pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya takriban sentimita 3 ardhini. Unauona kila mti, tawi lililokauka, pengo la mti uliokufa au uliokatwa usiku. Huwaoni wadudu. Nyigu mdogo Leptocybe invasa, anayefanya vinundu kwenye majani na vijiti vya mikaratusi michanga na aliyeonekana Kenya na Uganda tangu 2002, ana urefu wa milimita moja na kidogo. Toka juu utaona mti uliodumaa, si vinundu.

*Eneo.* Makumi ya hekta kwa siku, ukiwa na betri tatu au nne. Msitu unadai picha zinazopandana sana, asilimia 80 hivi, maana majani yanatikisika na programu ya kuunganisha picha inahitaji alama nyingi za kushika. Ukipunguza ili uokoe betri, utalipa baadaye kwa ramani yenye matundu.

*Hewa na msimu.* Hapa ndipo droni inaishinda satelaiti: inaruka chini ya mawingu. Mwezi wa pili, mvua ikipumzika saa mbili, unapata kazi yako. Upepo ndio adui. Siku moja nililazimisha kuruka mchana wenye upepo, na kwenye ramani kila mkaratusi ulitoka mara mbili, kama picha ya mlevi. Ruka jua likiwa juu, vivuli vifupi, au siku ya wingu moja lililotandaa sawasawa. Jua la vipandevipande ndilo baya kuliko yote.

*Pesa na mikono.* Droni yenyewe ni mamia ya dola hadi elfu moja au mbili. Programu za bure zipo na zinatosha: OpenDroneMap kwa kuunganisha picha, QGIS kwa kuchora na kuhesabu. Kinachosahaulika ni kompyuta yenye nguvu, umeme wa kuiendesha usiku kucha, na makaratasi. Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, si cha kurukwa, na hata ukiwa nacho, mjulishe chifu na wakuu wa usalama wa eneo kabla hujaitoa kwenye begi. Kitu kinacholia angani karibu na machimbo kinaleta watu wenye maswali.

*Inadanganya wapi.* Kivuli kinafanana na mti mweusi. Mti uliofunikwa na mtambaazi unaonekana mzima huku umekufa chini yake. Na inachelewa: rangi ikishabadilika mpaka kamera ya kawaida iione, mdudu ameshakula, pengine ameshaondoka.

*Inamfaa nani.* Mwenye shamba la kupandwa, la hekta 5 hadi 100 na kitu, anayetaka kujua miti mingapi imekufa, iko wapi, na kama doa limekua kuliko mwezi uliopita. Miti ya shamba iko kwenye mistari, ya aina moja na umri mmoja, kwa hiyo anayetofautiana na wenzake anajitokeza.

Droni yenye kamera ya bendi nyingi

*Inaona nini.* Jani zima linameza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao jicho letu haliuoni. Jani linaloteseka linaanza kurudisha infraredi kidogo. Kamera hii inapima kila bendi peke yake, kisha unapiga hesabu ya NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea: infraredi toa nyekundu, gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Jibu liko kati ya -1 na 1, na miti yenye majani tele inakaa juu ya 0.7. Tatizo ni kwamba kwenye majani mazito NDVI inashiba, inaacha kutofautisha mzuri na mzuri zaidi. Ndiyo maana kuna bendi ya ukingo wa nyekundu, iliyo kati ya nyekundu na infraredi, ambayo ina hisi kali zaidi kwa mabadiliko ya klorofili. DJI Mavic 3 Multispectral, kwa mfano, ina bendi nne za namna hiyo pamoja na kamera ya kawaida, na kwa mita 100 bendi hizo zinakupa pikseli ya kama sentimita 5.

*Eneo, hewa na msimu.* Eneo ni lilelile la droni ya kawaida au pungufu kidogo. Hewa inaibana zaidi. Kabla ya kuruka unapiga picha kibao cha kijivu ambacho kiwango chake cha kurudisha mwanga kinajulikana, na hicho ndicho kinachofanya namba za leo zilinganishwe na za mwezi ujao. Kibao chenyewe ni kitu kidogo, saizi ya sahani, kinakaa kwenye mfuko wa zipu, na kimenifundisha unyenyekevu: kijana wangu alikishika kwa vidole vyenye mafuta ya beignet, na siku hiyo yote namba zilitoka za ajabu. Usikiguse uso. Usikisimamie ukakiwekea kivuli chako.

*Pesa na mikono.* Hesabu maelfu ya dola, na mtu anayejua kusoma namba. Kukodi fundi mwenye chombo mara mbili kwa mwaka kunaweza kuwa na akili kuliko kununua.

*Inadanganya wapi.* Inaonyesha mateso, haisemi ya nini. Kwetu ina mtego wa pekee: vichuguu. Vile vichuguu vikubwa vya Katanga, vingine vina kimo cha mita 5 na zaidi, vina udongo na mimea yake, na mingi inabaki kijani kiangazi. Kwenye ramani ya NDVI ya mwezi wa saba vinang'aa kama taa, na miti yote ya pembeni inaonekana mgonjwa kwa kulinganishwa navyo. Vichore kwanza, vitoe kwenye hesabu, ndipo usome kilichobaki.

*Inamfaa nani.* Mtafiti, mradi wenye kitalu na mashamba ya majaribio, au shamba kubwa linaloweza kuchukua hatua mapema. Kama huna hatua ya kuchukua mti ukiwa bado kijani, unalipia habari usiyoitumia.

Satelaiti

*Inaona nini.* Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza na chombo cha kwanza mwaka 2015, inatoa picha za bure zenye pikseli ya mita 10, na bendi za ukingo wa nyekundu na za unyevu kwa mita 20. Pikseli moja inaweza kumeza mti mmoja mkubwa wa miombo au lundo la mikaratusi michanga. Kwa hiyo sahau mti mmoja mmoja. Eneo la hekta kadhaa lililovuliwa majani linaonekana vizuri.

*Eneo.* Haina mpinzani. Toka Kipushi hadi Kasumbalesa, bila kuomba kibali cha mtu, bila kuvaa viatu.

*Hewa na msimu.* Vyombo viwili vya Sentinel-2 vikipokezana, picha inakuja kila siku 5, lakini kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu nyingi ni mawingu matupu. Kiangazi picha ni safi, ila kuna moshi na makovu ya moto, na miti yenyewe inaangusha majani. Yaani msimu inapoona vizuri ndio msimu ambao kupungua kwa majani hakuna maana kubwa. Tunkubiu wakila mwishoni mwa mvua, inabidi uombe siku mbili tatu za anga wazi.

*Pesa na mikono.* Intaneti na subira. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuanza leo.

*Inadanganya wapi.* Kwenye pikseli ya mita 10, mkata makala na kiwavi wanafanana. Lakini ina kumbukumbu ambayo droni yako haina: unaweza kuuliza mahali hapohapo palikuwaje mwezi wa nne wa miaka iliyopita, na Landsat, kwa pikseli ya mita 30, inarudi nyuma hadi miaka ya 1980. Linganisha mwezi na mwezi mwenzake, kamwe usilinganishe wa nne na wa nane.

*Inamfaa nani.* Mwenye msitu wa jumuiya wa maelfu ya hekta, ofisi ya mazingira, au yeyote anayetaka kujua pa kuanzia.

Buti

*Inaona nini.* Yote yaliyobaki. Vinundu kwenye mshipa wa jani, unga wa mbao kwenye shina, gamba la udongo la mchwa kwenye shingo ya mti mchanga, tundu lenye umbo la yai ambalo mbawakawa ametokea. Ni njia pekee kati ya hizi nne inayoweza kumshika mdudu na kumtia kwenye chupa ya alkoholi apelekwe chuo kikuu akatambuliwe.

*Eneo, hewa, pesa.* Watu wawili, kamba ya mita 20, na simu yenye KoboCollect, programu ya kujazia fomu: mnapima mraba wa mita 20 kwa 20, mnaandika kila mti umepoteza robo, nusu, robo tatu au majani yote. Miraba michache kwa siku, zaidi kama nyasi ni fupi. Vifaa ni rahisi, ila siku za kazi zinajumlishwa, na chakula cha vijana si cha kusahau.

*Inadanganya wapi.* Watu hufuata njia, na njia hupita kwenye miti ya pembezoni ambayo ina jua zaidi, mbuzi zaidi na mapanga zaidi. Tena toka chini huoni kichwa cha mti wa mita 15 vizuri. Chagua miraba kwa kura kabla hujatoka nyumbani.

*Inamfaa nani.* Mwenye hekta moja au mbili, na pia kila aliyetumia mojawapo ya zile tatu.

Kamera ya joto na lidari nimeziacha makusudi. Ya kwanza inaweza kuonyesha mti ulioacha kutoa jasho, ya pili inapima umbo la msitu kwa miale, lakini kwa bei zake na swali letu la wadudu, sijaona mwenye shamba hapa aliyezihitaji kwanza.

Kulingana na hali yako

Kama una hekta mbili za mikaratusi na unajua miti inayokauka iko wapi, usimlipe mtu wa droni. Nunua kisu, toa gome, angalia. Mchwa huacha udongo, Phoracantha, mbawakawa wa mikaratusi, huacha njia bapa zilizoshindiliwa unga chini ya gome.

Kama una hekta thelathini na doa linakua, droni ya kawaida inatosha. Ruka mara mbili, mwezi mmoja kati yake, saa ileile, kimo kilekile. Kisha chukua alama kumi za miti mibaya na kumi za miti mizuri uzitembelee kwa miguu. Ile mizuri ndiyo watu wanaruka, na bila hiyo hujui kama mdudu uliyemkuta kwenye mti mbaya hayuko kila mahali.

Kama unafanya majaribio ya aina za miti au dawa, na utarudi kila mwezi kwa mwaka mzima, bendi nyingi zinalipa gharama yake. Kibao cha kijivu na daftari la saa na hewa ni lazima.

Kama unasimamia msitu wa jumuiya, anza na satelaiti ya mwezi wa nne, chagua maeneo matatu yaliyobadilika kuliko miaka mingine, peleka droni huko tu, na umalizie na mtu wa kijiji anayejua mutondo na muputu. Muulize pia kama mwaka huo vinkubala vilikuwa vingi. Jibu lake linaweza kufuta nusu ya ramani.

Kama pesa ni za mfadhili anayetaka ramani yenye rangi, mpe, lakini iwe na tarehe ya picha kwa herufi kubwa na orodha ya miti iliyotembelewa.

Na yule Papa wa barabara ya Kasenga alikuwa na hekta kumi na nane. Tuliruka na kamera ya kawaida, betri mbili. Kwenye ramani vichwa vilivyokauka havikuwa vimetawanyika. Vilifuata ukanda mmoja mwembamba, kama mtu aliyepiga mstari na rula. Tulipofika na panga na jembe, jembe lilitoa mlio wa chuma kwa sentimita ishirini: mawe mekundu, barabara ya zamani iliyozikwa. Miti ilikuwa imenyimwa maji pale, na chini ya gome la mitatu kati ya mitano tuliyoikata kulikuwa na mabuu meupe ya mbawakawa. Tulimwambia akate ukanda wote, atoe magogo shambani mara moja, asiyaache yakae na gome. Akauliza kama anaweza kuyachoma makala. Tukamwambia ndiyo, wiki hii, si wiki ijayo.